Siku mbili za mgeni zinahesabiwaje? Ukomo wa urais na maneno madogo ya katiba

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali haisemi kama ile jioni aliyobisha hodi nayo ni siku, au hesabu inaanza kesho yake asubuhi. Nyumbani halina shida hilo, mwenyeji na mgeni wanajuana. Ikulu lina shida kubwa. Ukifuatilia mizozo ya muhula wa tatu Afrika tangu miaka ya 1990, utakuta watu hawakugombana sana juu ya muhula kuwa wa miaka mitano au saba. Waligombania kinachohesabiwa, kinaanza kuhesabiwa lini, na nani anashika kalamu ya kufuta.

Msimamo wangu niuweke mezani mapema: miaka 5 mara mbili inatosha, na hesabu yake nitaitoa huko chini. Ila hiyo 5 na hiyo 2 ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Ugumu uko kwenye vitenzi.

Tuanze na Katiba ya Tanzania ya 1977. Ukomo haukuwamo tangu mwanzo. Uliingizwa na marekebisho ya 1984, mwaka mmoja kabla Mwalimu Nyerere hajang'atuka. Ibara ya 40(2) inakataza mtu kuchaguliwa zaidi ya mara mbili kushika kiti cha Rais. Kitenzi ni kuchaguliwa. Shuka mistari michache hadi 40(4), inayomhusu Makamu wa Rais aliyerithi kiti kilichobaki wazi, kitenzi kinabadilika: kugombea. Makamu akishika kiti kwa kipindi kinachopungua miaka 3, anaruhusiwa kugombea mara mbili. Akikishika miaka 3 au zaidi, anagombea mara moja tu.

Haya si maneno pacha. Rais wa kawaida aliyemaliza muhula mmoja akigombea wa pili akashindwa, bado amechaguliwa mara moja tu. Akitaka kurudi uwanjani miaka mitano baadaye, 40(2) haimzuii. Lakini aliyeingia kwa mlango wa umakamu na kukaa miaka mitatu na kitu, akigombea akashindwa, basi kwa maneno yalivyoandikwa karata yake imeisha, hata kama hajawahi kuchaguliwa kuwa Rais hata siku moja. Sidhani kama waandishi walikusudia hivyo. Ndivyo walivyoandika.

Hesabu yenyewe tumeiona kwa macho. Rais Magufuli aliapishwa kwa muhula wa pili tarehe 5 Novemba 2020, akafariki 17 Machi 2021. Samia Suluhu Hassan akaapishwa 19 Machi. Kiporo cha muhula kilichobaki kilikuwa cha miaka 4 na zaidi ya miezi 7, kimevuka mstari wa miaka 3 kwa mbali. Kwa hiyo uchaguzi wa Oktoba 2025 ndio pekee ambao 40(4) ilimruhusu kugombea. Ukimsikia mtu anapiga hesabu ya 2025 na 2030, ujue amesoma 40(2) akafunga kitabu.

Kila nchi ina mkasi wake wa kukata kiporo. Marekani, kwa Marekebisho ya 22 yaliyoanza kazi 1951, ukishika zaidi ya miaka 2 ya muhula wa mwenzako unachaguliwa mara moja tu. Kwa hiyo dari ni miaka 10. Kenya, ibara ya 146, mstari uko kwenye miaka 2 na nusu, yaani nusu kamili ya muhula. Dari linakaribia miaka 12 na nusu. Tanzania mstari ni 3, na dari linakaribia 13. Afrika Kusini, ibara ya 88, kiporo hakihesabiwi kabisa, kiwe kidogo au kikubwa. Mimi nawapa Wakenya alama. Nusu ina mantiki: uliyekaa sehemu kubwa ya muhula, muhula ni wako. Tatu kati ya tano ni upendeleo kwa mrithi, na hakuna sababu ya kumpendelea mrithi.

Wakenya walifanya na jambo la pili la akili ambalo halisemwi sana. Katiba yao inapima muda uliobaki hadi uchaguzi siku mtu anapoingia. Ya Tanzania inapima muda ambao mtu ameshika kiti. Cha kwanza kinajulikana siku ya kiapo, hakichezewi. Cha pili kinajulikana mwishoni, na mtu mwenye washauri wajanja anaweza kukifupisha kwa kuachia ngazi kabla siku hazijatimia. Hakuna aliyejaribu, lakini sheria nzuri haisubiri mjanja wa kwanza.

Zambia ilionyesha kiporo kinavyoweza kuchacha. Edgar Lungu aliapishwa Januari 2015 kumalizia muhula wa Michael Sata aliyefariki Oktoba 2014, kisha akachaguliwa tena Agosti 2016. Katikati, Januari 2016, katiba ilifanyiwa marekebisho na kuweka kanuni ya kiporo cha miaka 3. Je, kanuni mpya inafunika kiporo kilichoanza kabla yake? Mahakama ya Katiba ilisema Desemba 2018 kwamba kile kipindi cha kwanza hakikuwa muhula, hivyo akagombea 2021 na kushindwa. Desemba 2024 mahakama hiyohiyo ikasema alishatimiza mihula miwili. Katiba ileile, mtu yuleyule, majibu mawili. Kosa lilikuwa moja: waliandika kanuni wakasahau kusema inaanza kumhesabu nani.

Hapo ndipo tunafika kwenye mbinu iliyotumika kuliko zote, ya kurudisha saa kwenye sifuri. Katiba mpya inakuja, au marekebisho makubwa, na miaka ya nyuma inasamehewa. Moi aliingia 1978. Ukomo ulipoingizwa Kenya wakati wa kurudi kwa vyama vingi, miaka yake ya nyuma haikuhesabiwa, akashinda 1992 na 1997, akaondoka 2002 akiwa na miaka 24 madarakani. Museveni aliingia Januari 1986, na Katiba ya Uganda ya 1995 ilihesabu waliochaguliwa chini ya katiba hiyo tu, kwa hiyo miaka kumi ya kwanza ilifutika. Ouattara wa Côte d'Ivoire alipata katiba mpya 2016 na kugombea muhula wa tatu 2020. Putin alipata marekebisho ya 2020 yanayoweza kumfikisha 2036.

Dawa yake ni mstari mmoja tu kwenye masharti ya mpito. Katiba ya Kenya ya 2010 inao, katika Jedwali la Sita: mtu aliyekwishachaguliwa kuwa Rais kabla ya katiba kuanza kazi haruhusiwi kugombea urais chini ya katiba hiyo. Ndiyo maana 2013 hakukuwa na mjadala wowote kama Kibaki agombee. Mstari mmoja, ukaokoa mwaka mzima wa kelele.

Burundi haikuwa na mstari wa namna hiyo, na bei yake ilikuwa kubwa. Mkataba wa Amani wa Arusha wa Agosti 2000 ulisema mtu asishike zaidi ya mihula miwili. Katiba ya 2005 ikaja na vifungu viwili vinavyovutana: cha 96, Rais anachaguliwa na wananchi wote kwa miaka 5, inayorudiwa mara moja, na cha 302, kwamba Rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito anachaguliwa na Bunge na Seneti. Nkurunziza alichaguliwa na wabunge 2005, na wananchi 2010. Mwaka 2015 upande wake ukasema ule wa 2005 hauhesabiki, kwa kuwa wananchi hawakupiga kura. Mahakama ya Katiba ikakubaliana naye Mei 2015, na makamu wa rais wa mahakama hiyo akakimbia nchi. Tarehe 13 Mei kukawa na jaribio la mapinduzi wakati Nkurunziza yuko Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Waliolipia mvutano wa 96 na 302 ni wakimbizi waliokuwa wamejazana Kagunga, kijiji kidogo kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, wakiingiliwa na kipindupindu huku wakisubiri zamu ya kupanda meli kongwe, MV Liemba, kwenda Kigoma mjini. Neno moja, "muhula", halikupewa maana yake.

Tukija kwenye ufunguo: nani anaweza kubadilisha ukomo, na kwa kura ngapi? Uganda ndiyo mfano ninaoupenda kuutoa, kwa sababu unauma. Katiba ya 1995 ilikuwa na orodha ya vifungu ambavyo haviguswi bila kura ya maoni ya wananchi. Ndani ya orodha hiyo kulikuwa na 105(1), inayosema muhula ni miaka 5. Haikuwamo 105(2), iliyosema mwisho ni mihula miwili. Dirisha wakalitia komeo, mlango wakauegesha. Mwaka 2005 Bunge likaiondoa 105(2) kwa theluthi mbili ya kura. Mwaka huohuo wananchi walipiga kura ya maoni kweli, ila juu ya kurudisha vyama vingi. Ukomo wa umri wa miaka 75 ulibaki kama uzio wa mwisho, nao ukang'olewa Desemba 2017 kwa njia hiyohiyo ya Bunge.

Tanzania hali yetu ni hiyo ya mlango ulioegeshwa, tusidanganyane. Ukomo wa ibara ya 40 unabadilishwa kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Kura ya maoni haitakiwi. Kilichozuia hadi leo ni desturi, na desturi ya ndani ya chama kimoja. Mwaka 2000 hoja ya kumwongezea muda Dkt. Salmin Amour kule Zanzibar iligota ndani ya CCM yenyewe. Mwaka 2017 mbunge mmoja alitaka kupeleka muswada wa kufanya muhula uwe wa miaka 7, na Rais mwenyewe akakataa hadharani. Desturi ni kitu kizuri mpaka siku inapokosa mtu wa kuitetea.

Kenya wameliweka komeo kwelikweli. Muhula wa Rais uko kwenye orodha ya ibara ya 255, kwa hiyo kuugusa kunahitaji kura ya maoni, na si wingi wa kura tu: angalau asilimia 20 ya wapiga kura walioandikishwa wajitokeze katika kila kaunti, kwa nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Kabla ya hapo muswada unapita Bunge la Taifa na Seneti kwa theluthi mbili, huku kukiwa na siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya pili. Siku 90 hizo ndizo zinazoua miswada ya namna hii. Mwaka 2024 seneta mmoja alileta pendekezo la miaka 7; wananchi walipopewa nafasi ya kutoa maoni, waliliponda mpaka likazikwa kwenye kamati.

Ila kura ya maoni si hirizi. Rwanda ilikuwa nayo. Desemba 2015 wapiga kura waliidhinisha marekebisho kwa asilimia 98, baada ya maombi yenye saini zaidi ya milioni 3.7. Ukisoma matokeo harakaharaka utaona ukomo umekazwa: muhula umeshuka kutoka miaka 7 hadi 5, mara mbili. Shuka hadi kifungu cha 172 cha mpito: kwanza muhula mmoja wa miaka 7 kuanzia 2017, halafu ndipo hesabu ya mitano mara mbili ianze. Jumlisha: 2024, 2029, 2034. Kwa hiyo kanuni ya kusoma katiba mpya ni kuanza na kurasa za mwisho. Mambo ya mtu mmoja huwa yamejificha kwenye mpito.

Wakongomani walikwenda mbali zaidi, wakatupa ufunguo mtoni. Kifungu cha 220 cha katiba yao ya 2006 kinasema idadi na urefu wa mihula ya Rais haviwezi kurekebishwa hata kidogo. Joseph Kabila hakukigusa. Alitumia kifungu cha 70, kinachosema Rais aliyemaliza muhula anabaki hadi mpya aliyechaguliwa aingie. Muhula wake uliisha Desemba 2016. Uchaguzi ukafanyika 30 Desemba 2018. Félix Tshisekedi akaapishwa 24 Januari 2019. Miaka miwili ya nyongeza bila kubadilisha hata nukta moja. Kinshasa waliita mchezo huo glissement, kuteleza.

Kile kifungu cha kubaki hadi mwenzako aingie ni cha lazima, kiti hakiachwi wazi. Kenya wanacho pia, na kilifanya kazi halali 2017: Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa 8 Agosti, Uhuru Kenyatta alibaki hadi alipoapishwa upya 28 Novemba. Tofauti ni kwamba Kenya tarehe ya uchaguzi imo ndani ya katiba, Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na hakuna tume inayoamua lini. Kongo tarehe ilikuwa mikononi mwa tume, na tume ilikosa daftari, ikakosa fedha, ikakosa vifaa. Daima kitakosekana kitu. Tanzania ina kifungu chake cha dharura, 42(4): nchi ikiwa vitani Bunge laweza kuongeza muda, lakini si zaidi ya miezi 6 kila mara. Hiyo "kila mara" ina tatizo lake, kwa kuwa haisemi mara ngapi. Hata hivyo sababu ni moja tu, vita dhidi ya adui. Ugonjwa, ukata wa serikali au daftari bovu havimo.

Sasa ile hesabu niliyoahidi. Kwa nini mitano?

Chukua miezi 60 ya muhula wa Tanzania. Rais anaapishwa mapema Novemba. Mwaka wa fedha ulishaanza 1 Julai. Miezi 8 ya kwanza anatumia bajeti aliyoikuta, akibanabana mafungu. Bajeti yake ya kwanza kamili inaanza Julai inayofuata. Kutoka hapo anapata miaka minne ya fedha, miezi 48. Inabaki miezi 4, Julai hadi Oktoba ya mwisho, Bunge limevunjwa na kila mtu yuko jukwaani. Nane, arobaini na nane, nne. Bajeti nne kamili zinatosha kabisa kwa mwananchi kujua kama huyu aendelee au aende. Kiongozi ambaye hajaonyesha dira kwa bajeti nne, ya sita haitamfunulia.

Wanaotaka saba, na kwa kweli saba inapendwa (Burundi waliichukua 2018, Cameroon wanayo), wanasema miradi mikubwa haikamiliki kwa mitano. Ni kweli haikamiliki. Mkataba wa reli ya SGR kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro ulisainiwa Februari 2017, abiria wakaanza kupanda Juni 2024. Miaka 7 na miezi 4, na Rais aliyeuanzisha alikuwa ameingia Novemba 2015. Hata muhula wa miaka saba usingemfikisha kwenye kituo cha Morogoro. Mradi ulianzia awamu ya tano, treni ikatembea awamu ya sita, na reli haikuuliza nani yuko Ikulu. Kinachobeba mradi ni mkataba, fedha na wahandisi. Wafaransa, ambao wengi wa wanaodai saba wanapenda kuwataja, waliiacha wenyewe: kura ya maoni ya Septemba 2000 iliushusha muhula hadi mitano, na 2008 wakaongeza sharti la kutozidi miwili mfululizo.

Na hilo neno "mfululizo" nalo ni la kuogopwa. Ndilo lililompa Putin njia ya kukaa pembeni 2008 kama waziri mkuu na kurudi 2012. Kwetu 40(2) haina neno hilo. Mara mbili ni mara mbili, iwe mfululizo au kwa kuruka. Lisije likaingizwa kimyakimya.

Kwa nini basi mara mbili, isiwe moja ndefu kama Mexico na miaka yao 6 bila kurudia? Kwa sababu muhula wa pili ndiyo fimbo ya wananchi kwenye ule wa kwanza. Kenya siku hizi vijana wanaimba "wantam" (muhula mmoja), na wapinzani wao wanajibu "tutam" (mihula miwili). Ni utani wa mtaani, lakini ndani yake kuna kazi halisi ya ukomo: Rais wa muhula wa kwanza anajua kuna siku ataulizwa. Udhaifu uko kwenye wa pili, kwenye ngwe ya lala salama. Hapo fimbo haipo tena, mawaziri wanaanza kutazama mlango wa anayekuja, na mafaili yanapungua mwendo. Huo ndio ugonjwa wa mihula miwili, na sijaona dawa yake kamili. Miaka mitano ya uzembe wa lala salama bado ni nafuu kuliko kumi na tano ya mtu asiye na tarehe.

Bado kuna kiti kimoja ambacho ibara ya 40 haikigusi. Nyerere aliacha urais 1985, lakini uenyekiti wa CCM aliushika hadi 1990. Kwa miaka mitano Rais Mwinyi alikuwa Ikulu na mwenyekiti wake akiwa mtu mwingine. Baada ya hapo ikazaliwa desturi ya kukabidhi chama ndani ya mwaka mmoja hivi: Mkapa akakipokea 1996, Kikwete 2006, Magufuli Julai 2016. Kamati za chama hicho ndizo zinazochuja majina ya wagombea urais. Muda wa kukabidhi kiti hicho haumo katika ibara yoyote ya Katiba.